Majina ya Rangi katika Bustani za Nairobi

Nairobi haina majira manne kama ya Ulaya, lakini mwisho wa kiangazi inao, tena mara mbili kwa mwaka. Mara ya kwanza ni Februari na siku za mwanzo za Machi, kabla ya mvua za masika. Mara ya pili ni Septemba na Oktoba, baada ya baridi na mawingu ya Julai na Agosti na kabla ya mvua za vuli. Katika vipindi hivyo nyasi hukauka, vumbi jekundu hutua juu ya majani na juu ya nguo zilizoanikwa, na miti ambayo miezi mingine haitazamwi na mtu huchanua kwa ghafula. Ndipo rangi zinapohitaji kutajwa. Mwenye nyumba humwagiza mtunza bustani akate matawi ya maua haya na ayaache yale. Mtoto humwuliza mamake ua lililoanguka mlangoni ni la rangi gani. Mara nyingi jibu huchelewa kidogo, kwa kuwa jina linalotakiwa haliko tayari mdomoni.

Kuchelewa huko kumewafanya baadhi ya watu kusema kwamba Kiswahili ni maskini wa rangi. Hesabu yao ni fupi: lugha hii ina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyopatana na ngeli za majina, yaani -eupe, -eusi na -ekundu, vinginevyo vyote ni majina ya vitu, au maneno yaliyotoka Arabuni, Uajemi, Bara Hindi na Uingereza. Hesabu hiyo ni sahihi. Hukumu inayotolewa kutokana nayo ndiyo yenye kasoro, kwa sababu inalichukulia kuwa tatizo la sarufi jambo ambalo kwa kweli ni la historia. Majina ya rangi ya Kiswahili yalizaliwa katika nyumba za mwambao, yakapandishwa bara, na huko yakakutana na bustani iliyojaa vitu ambavyo hayakuviona yalipozaliwa.

Mwaka 1969 Brent Berlin na Paul Kay, wataalamu wa Kimarekani, walichapisha kitabu chao mashuhuri juu ya majina ya msingi ya rangi. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha 20 walizozichunguza kwa kutumia vipande 329 vya rangi, na wasemaji waliohojiwa walikuwa wengi wao wakaazi wa sehemu za San Francisco. Kazi hiyo ilikuwa na faida kubwa, hasa kwa kuonyesha kwamba lugha hazigawi rangi kiholela. Hata hivyo kipande cha rangi kilichobandikwa juu ya ubao hakina nyumba wala bustani. Msemaji wa Kiswahili akiulizwa rangi, desturi yake ni kujibu kwa kutaja kitu: rangi ya majani, ya maziwa, ya udongo, ya ugoro, damu ya mzee. Kumwonyesha rangi isiyo ya kitu chochote ni kumnyang'anya chombo chake kabla ya kumpa kazi.

Yafaa basi kuviangalia vitu vyenyewe. Manjano ni kiungo cha mchuzi, kinachotia rangi wali na ngozi ya bibi arusi. Kijivu ni cha jivu la mafiga. Kahawia ni ya kahawa, kijani ni cha jani, na rangi ya chungwa haihitaji maelezo. Zambarau ni tunda la mti uliotoka Bara Hindi. Hudhurungi ilikuwa jina la kitambaa cha rangi ya udongo kilichoshonewa kanzu. Chanikiwiti, neno ambalo sasa halisikiki sana, lina jani ndani yake, na ubichi wa jani hilo. Samawati ni mbingu kwa Kiarabu, na waridi ni ua lenyewe. Hata urujuani, neno linaloonekana kama halina mzizi wa kushikika, lina jamaa yake katika Kiajemi, arghavan, ambalo ni jina la mti unaochanua maua ya rangi hiyo kabla ya kutoa majani. Orodha hii ni ya jiko, ya kabati la nguo na ya ua. Na si bure kwamba neno ua katika Kiswahili ni chanuo la mmea na pia ni kiwanja kilichozungushiwa wigo nyuma ya nyumba. Jambo moja zaidi: vile vivumishi vitatu vya asili havikuwa vyembamba kama vinavyofundishwa leo. Kaniki iliyochovywa katika nili ilikuwa nguo nyeusi, ingawa macho ya leo yangeiita ya buluu iliyoiva. Weusi ulikuwa na nafasi ya kutosha.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na Kiswahili kilifika pamoja nayo, vinywani mwa wapagazi, askari, wafanyabiashara na mafundi. Mahali penyewe palikuwa na majina yake tayari. Nairobi ni neno la Wamaasai la maji baridi. Kileleshwa, mtaa wa magharibi, huhusishwa na mleleshwa, kichaka chenye majani ya kijivu yenye weupe upande wa chini, ambacho kilienea sana katika mbuga za Wamaasai. Wakikuyu waliokaa kwenye miinuko walikuwa na -erũ, -irũ na -tune kwa weupe, weusi na wekundu, navyo vikipatana na ngeli kama ndugu zao wa Kiswahili. Kwa hiyo wekundu wa udongo wa magharibi haukungoja jina.

Udongo huo una sehemu kubwa katika historia ya rangi za mji. Upande wa magharibi, kuanzia Kilimani hadi Lavington, Kangemi na Dagoretti, ni udongo mwekundu, mzito wa kina, unaopitisha maji vizuri, uliotokana na mawe ya volkano. Upande wa mashariki na kusini ni udongo mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Serikali ya kikoloni iliutenga mji kwa misingi ya rangi za ngozi, na utengano huo ulifuata kwa kiasi kikubwa mpaka wa udongo. Ripoti ya Profesa W. J. Simpson ya mwaka 1913 ilipendekeza kila jamii iwe na mahali pake. Wazungu wakakaa kwenye miinuko myekundu ya magharibi, Wahindi wakakaa zaidi Ngara na Parklands, na Waafrika wakasongamana Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni na Makongeni. Bustani za maua, kwa maana ya viwanja vipana vilivyopandwa kwa ajili ya kutazamwa tu, zilikuwa kwanza jambo la udongo mwekundu. Mtu wa Makongeni aliyetaka kuziona aliziona akiwa kazini.

Rangi mpya za kwanza zilikuja na kuni. Injini za reli zilikula miti mingi, na mwaka 1907 ulianzishwa msitu wa majaribio, ambao sasa ni bustani ya miti ya Arboretum karibu na katikati ya mji, ili kupima miti ya kigeni inayokua upesi. Australia ilileta mikalitusi yenye majani ya kijivu cha samawati, na mgrevilea ambao maua yake yana rangi ya chungwa iliyochanganyika na dhahabu; nayo miwati iliyopandwa katika miinuko kwa ajili ya magome na kuni ilileta maua madogo ya manjano hafifu. Mwaka 1906 A. M. Jeevanjee alikuwa amekwisha kuanzisha katikati ya mji bustani ambayo mpaka leo ina jina lake. Baadaye zikafuata bustani za watu binafsi. Chama cha wakulima wa maua cha walowezi kilikuwa na nguvu ya kutosha, mwaka 1934, kutoa kitabu kizima juu ya kazi ya bustani katika Afrika Mashariki, kilichohaririwa na A. J. Jex-Blake.

Waliotia jembe katika bustani hizo hawakuandika kitabu. Hili ndilo pengo kubwa kwa mtu anayetafuta historia ya maneno haya, maana ni wao waliosema Kiswahili siku nzima na mimea hiyo mikononi mwao. Lugha iliyotumika baina yao na wenye nyumba ilikuwa ile iliyoitwa Kisetla. Kitabu cha F. H. Le Breton cha Kiswahili cha bara, kilichotoka mwaka 1936, kilitaja wasomaji wake waziwazi katika jina lake: askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara, na wake zao. Katika Kiswahili cha aina hiyo upatanisho wa ngeli ulilegezwa. Maua yakawa nyekundu, na miti ikawa nyeusi. Huenda umbo hili lilipata nguvu kutokana na neno rangi lenyewe, kwa kuwa rangi nyekundu ni sahihi, na mtu aliyezoea kusema hivyo aliweza kulibeba umbo hilo hilo kila mahali. Yafaa kukumbuka kwamba mtunza bustani wa Kikuyu au wa Kikamba aliyesema maua nyekundu hakuwa mtu asiyejua upatanisho. Lugha ya mamake ilikuwa nao kamili. Aliuacha langoni alipoingia kazini, kama alivyokuwa akiacha mambo mengine.

Upande wa nyuma wa kila nyumba ulikuwa na bustani ya pili, ambayo haikuingia katika kitabu cha mtu yeyote. Nyuma ya jiko, karibu na vyumba vya watumishi, palipandwa mahindi, maharagwe, maboga na sukuma wiki katika kipande cha ardhi kilichoachwa. Mwishoni mwa kiangazi bustani ya mbele ilikuwa na rangi nyingi na bustani ya nyuma ilikuwa ya udongo mtupu, uliokwisha kulimwa ukingoja mvua. Mvua zikisha kushika mambo yaligeuka: mbele maua yalilala matopeni, nyuma boga likatoa ua la manjano kubwa kama kiganja, na maharagwe yakatoa vichanuo vidogo. Kati ya kiwanja na barabara palisimama wigo wa kayaba, mmea wa Afrika Kusini wenye jina lililotokana na mto Kei. Ulipendwa kwa miiba yake. Matunda yake ya manjano, machachu sana, huiva na kuanguka chini bila kuokotwa na wenye nyumba. Wapita njia ndio waliojua ladha yake.

Aprili 24, 1954 serikali ilianza msako mkubwa ulioitwa Anvil, ambao uliwaondoa Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu kutoka Nairobi na kuwatia vizuizini. Bustani nyingi za magharibi zilibadilisha mikono katika muda wa majuma machache. Walioingia walitoka zaidi Ukambani, Magharibi na Nyanza. Kama kuna majina ya mimea na rangi yaliyokuwa yamekubaliwa kati ya watunza bustani wa kwanza na wenye nyumba, mengi yake bila shaka yalikatika hapo, na Kiswahili kikaanza tena kazi ile ile pamoja na watu wengine.

Kahawa inastahili kuzungumziwa peke yake, kwa sababu inaonyesha vizuri jinsi jina la rangi linavyoweza kukaa mbali na kitu chake. Mapadri wa Roho Mtakatifu walipanda kahawa katika misheni yao ya St Austin's, mahali ambapo sasa ni Lavington, tangu mwanzo kabisa wa mji. Baadaye mashamba ya kahawa yaliuzunguka mji upande wa magharibi na kaskazini, hadi yalipogeuzwa kuwa viwanja vya nyumba. Mtu aliyefanya kazi katika mashamba hayo aliiona kahawa ikiwa na rangi nyingi: maua meupe yanayonukia baada ya mvua, matunda ya kijani kisha mekundu, na buni ya kijivu cha kijani baada ya kukaushwa. Ukahawia hakuuona. Ukahawia ni wa kahawa iliyokaangwa, ikasagwa na kuchemshwa, na aliyeipa rangi hiyo jina ni mnywaji wa mwambao, aliyekaa barazani jioni akimngoja muuzaji mwenye buli la shaba. Mkulima Mwafrika wa Kiambu alizuiwa kwa miongo mingi kupanda zao hili. Ni mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliomfungulia mlango kwa upana. Kwa hiyo mtu wa miinuko ya Nairobi alijifunza neno kahawia kama alivyojifunza bei ya kahawa, yaani kutoka kwa wengine.

Hadithi ya zambarau ni ndefu zaidi. Pwani, mtoto hahitaji kufundishwa rangi hiyo. Tunda lenyewe humpaka ulimi na midomo kwa siku nzima, nayo ni rangi iliyokolea, karibu na weusi. Miinuko ya Nairobi haina mizambarau mingi. Wasomaji wengi wa bara walilikuta neno hilo kwanza katika maandiko, kwa maana Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 inazitaja nyuzi za hema ya kukutania kuwa za rangi ya samawi na za zambarau. Zambarau ikawa basi rangi ya mavazi ya wafalme na makuhani kabla haijawa rangi ya kitu chochote kilichoko nyumbani. Kisha, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, halmashauri ya mji ilipanda miti ya maua kwa wingi chini ya uongozi wa Peter Greensmith, msimamizi wa bustani za mji. Mijakaranda, ambayo asili yake ni Amerika ya Kusini, ilisimama kwa safu kando ya barabara za katikati ya mji na kupanda mpaka vitongoji vya magharibi. Kila Oktoba lami na nyasi zilifunikwa na maua ambayo Kiswahili hakikuwa na kitu cha kuyafananisha nacho.

Yalihitaji jina, na majina matatu yalijitokeza, ambayo mpaka sasa yanagombana. Wako wanaoyaita ya buluu, kwa kuwa yakitazamwa kwa mbali, juu ya mti, mbingu ikiwa nyuma yake, huonekana karibu na rangi ya mbingu. Wako wanaoyaita ya zambarau, kwa kuwa ndivyo walivyofundishwa shuleni. Wachache wenye Kiswahili cha vitabu huyaita ya urujuani. Neno la tatu pengine ndilo lenye haki zaidi kwa asili yake, kwa sababu nalo lina uhusiano na mti unaochanua matawi yakiwa matupu, kama mjakaranda ufanyavyo mara nyingi. Lakini lililoshinda ni zambarau, na kushinda kwake kumelibadilisha. Katika Kiswahili cha Nairobi zambarau si lazima iwe nzito wala karibu na weusi. Yaweza kuwa nyepesi, ya kupauka, ya ua lililokwisha kukanyagwa. Mtu wa Mombasa na mtu wa Kileleshwa wakilitamka neno hilo moja, huenda hawaoni rangi moja. Tangu mwaka 1985, Kiswahili kilipofanywa somo la lazima lenye mtihani katika mfumo wa 8-4-4, watoto wengi zaidi hulipata neno hili katika orodha ya kitabu, na mfano unaopatikana nje ya dirisha la darasa la Nairobi ni mjakaranda.

Bogenvilia, ambayo Greensmith aliipenda na kuitawanya katika mizunguko ya barabara, ina tatizo la aina nyingine. Kile kinachoitwa ua lake si ua. Ua halisi ni dogo, jeupe au la maziwa, limekaa katikati. Kinachong'aa kando yake ni majani matatu yaliyogeuka rangi. Kijani kimetokana na jani, na hapa pana jani lisilo la kijani, ambalo laweza kuwa jekundu, la waridi, la chungwa, jeupe au la rangi iliyo baina ya hizo. Mmea mmoja huanza na rangi moja na kupauka hadi nyingine kabla ya majani hayo kuanguka. Kwa mtunza bustani jambo hili si fumbo la lugha, ni la kazi: akiagizwa akate ile nyekundu, hana budi kuuliza ni nyekundu ya wiki hii au ya wiki iliyopita.

Miti ya wenyeji haikuleta ugomvi huo. Muhuti, ambao kwa Kiswahili huitwa mwambangoma, hutoa maua mekundu kama makaa katika kiangazi, matawi yakiwa hayana majani, na hakuna aliyewahi kushindwa kuyataja. Wekundu wake ni ule wa -tune na wa -ekundu. Ni wekundu pia wa sakafu za nyumba za zamani za magharibi, zilizopakwa nta nyekundu na kusuguliwa kila asubuhi mpaka zikawa kama kioo, na wa vigae vya Mangalore vilivyoletwa kwa meli kutoka Bara Hindi. Pale ambapo kitu kilikuwepo tangu mwanzo, neno halikuyumba.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, familia za Kiafrika zilianza kuhamia katika nyumba hizo. Bustani zilibaki, na mtunza bustani alibaki, lakini lugha ya kuagizana haikuwa tena ya mgeni aliyeisoma katika kijitabu. Mama mwenye nyumba aliyetoka Nyeri na mtunza bustani aliyetoka Kakamega walikutana katika Kiswahili ambacho kilikuwa lugha ya pili kwa wote wawili, na kila mmoja alikuwa na rangi zake za nyumbani kichwani. Hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kumsahihisha mwenzake kwa uhakika. Palipokosekana jina walionyeshana kitu, na kwa kufanya hivyo walirudi, pasipo kujua, kwenye desturi ile ile ya mwambao.

Bustani hizo sasa zinapungua upesi. Katika Kilimani, Kileleshwa na Lavington nyumba za sakafu nyekundu zimebomolewa moja baada ya nyingine na kupisha maghorofa. Barabara ya juu iliyojengwa kati ya mwaka 2020 na 2022 ilikata miti mingi njiani pake. Mugumo mmoja mkubwa kando ya Waiyaki Way ulinusurika mwaka 2020 kwa amri ya Rais, baada ya watu kuutetea. Kileleshwa, iliyopewa jina la kichaka cha kijivu, imepata kijivu kingine, cha saruji. Kijivu cha jikoni ndicho kilichotoweka, kwa kuwa watoto wanaokulia ghorofani wanapikiwa kwa gesi na jivu hawalioni.

Kando ya barabara kuu za magharibi, wauzaji wa miche wamepanga mimea yao katika mifuko myeusi ya plastiki juu ya udongo mwekundu. Wanunuzi wengi huitaka kwa ajili ya roshani, ambako hakuna nafasi ya mti. Miche ya bogenvilia ikiwa bado midogo yote ni ya kijani na haitofautiani. Muuzaji huacha mmoja wa kila aina ukue na kuchanua mbele ya safu yake, ili mnunuzi aonyeshe kwa kidole.